Gari la Safari

Baba mdogo alinipigia simu nikiwa maktaba, akasema mwenye mizani amefika Kwamkoro. Mwenye mizani ni kijana wa pikipiki anayezunguka vijiji vya Amani akinunua vyuma chakavu: sufuria zilizotoboka, majembe yaliyolika, fremu za baiskeli. "Mabati na kile kitanda nimeshampa," baba mdogo akasema. "Sasa anauliza lile bomba la babu yako."

Nilimwomba asubiri siku mbili. Akacheka, akaniambia nauli ya kutoka Dar hadi Muheza, na ya kutoka Muheza kupanda hadi kwetu, ni kubwa kuliko atakachopewa kwa bomba lenyewe. Ni kweli. Kesho yake nikapanda basi.

Tuliokulia pale tunalijua bomba hilo kuliko tunavyoijua picha ya babu. Lilisimama uani, nusu yake imezama kwenye zege, mdomo wake juu. Mdomo huo umetanuka kama wa tarumbeta, na sisi watoto tulikuwa tukipuliza ndani yake tukisubiri litoe sauti. Mvua ikinyesha lilijaa maji, kuku wakanywa. Mbuzi alifungwa hapo. Mgeni akiuliza ni kitu gani, yeyote kati yetu alijibu bila kufikiri: ni bomba la ekseli ya gari la Safari, babu alilitoa kwa mikono yake.

Safari kwa maana ya Safari Rally. Hivyo ndivyo tulivyojua, na hivyo ndivyo nilivyoandika katika pendekezo langu la utafiti wa shahada ya uzamili, kwamba nitachunguza mchango wa mafundi wa mashamba ya chai katika mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Msimamizi wangu aliandika neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ushahidi?"

Babu alifariki nikiwa darasa la sita. Alitoka Njombe katika miaka ya 1950 akiwa manamba, kama Wabena, Wahehe na Wakinga wengi waliofika Usambara Mashariki kufanya kazi ya chai. Alianza na jembe, akawa utingo wa lori, kisha akaingia gereji ya shamba. Hakusoma ufundi popote. Alichojua alikitoa chini ya magari, mgongo kwenye udongo mwekundu, na Amani ni mahali ambapo udongo huo haukauki kwa muda mrefu: mvua ya mwaka mzima hufika karibu milimita 2,000.

Na magari yalikuwepo. Watu wanaoijua Amani kwa vipepeo na vinyonga husahau kwamba mlima huu umekuwa na injini na chuma kwa zaidi ya karne. Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti wa kilimo na viumbe hapa mwaka 1902, wakajenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi kushusha mbao. Waingereza wakaja na watafiti wao wa kilimo, baadaye wa malaria. Kulikuwa na malori ya chai, Land Rover za mabwana shamba, magari ya madaktari na ya mapadri. Miaka ya 1970 na 1980 yakaja matrekta makubwa ya Sikh Saw Mills ya Tanga, yaliyonunuliwa kwa msaada wa Finland, yakakokota magogo katika msitu wa Kwamkoro mpaka ukataji ule uliposimamishwa. Kila kimoja cha vyombo hivi kilikuwa na ekseli, na barabara ya kutoka Sigi kupanda Amani haijawahi kuihurumia ekseli.

Nikafika nikakuta baba mdogo ameshalivunja zege kwa nyundo kubwa. Bomba lilikuwa limelazwa kwenye majani, nusu yake ya juu nyekundu kwa kutu, nusu ya chini ya kijivu na karibu safi. Zege lilikuwa limeitunza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliuona mwisho wake wa pili.

Hapa itabidi nieleze kidogo bomba la ekseli ni nini, kwa sababu historia yote iliyobaki imeandikwa juu yake.

Gari lenye nguvu nyuma lina difu katikati na hafushafti mbili zinazotoka humo kwenda kwenye magurudumu. Hafushafti huzunguka. Bomba haliizunguki. Kazi yake ni kuifunika shafti, kuzuia oili isimwagike na kubeba uzito wa gari. Kwenye magari mengi yenye ekseli nzima, mabomba mawili yameshindiliwa ndani ya nyumba ya difu ya chuma cha kusubu, kisha yamefungwa kwa vidonge vya weldingi vilivyojazwa katika matundu. Mafundi wa magari ya mashindano huyatoa mabomba haya kwa kusaga vidonge hivyo na kuyasukuma kwa presi, ama kwa kuwa yamepinda, ama kwa kuwa wanataka ekseli fupi zaidi. Kuyatoa ni nguvu tu. Kuyarudisha ndiko kwenye akili. Chuma cha kusubu hakipendi kuchomelewa na chuma cha pua kikiwa baridi, hupasuka. Kwa hiyo nyumba hupashwa moto kwanza, hutumiwa fito za weldingi zenye nikeli, na fundi huchomelea kipande kidogo upande huu, kipande kidogo upande ule, akisubiri. Muda wote kuna nondo ndefu iliyonyooka imepitishwa kutoka ncha hadi ncha, kuhakikisha mabomba yanatazamana. Yakikosea kwa upana wa ukucha, beringi zitakufa moja baada ya nyingine na mwenye gari atalaumu beringi.

Bomba la babu si la aina hiyo. Mdomo wa tarumbeta ndio uliomfichua mwenyewe: hili ni bomba la Volkswagen ya mgongo wa kobe, ile iliyokuwa na ekseli za kuning'inia. Kwenye gari hilo giaboksi na difu vimefungwa kwenye bodi, na kila upande bomba linacheza juu na chini kama mkono kwenye bega. Mdomo uliotanuka ndio bega lenyewe. Hushikiliwa kwenye giaboksi na kifuniko cha duara chenye nati sita, chini yake gasketi za karatasi, na gasketi hizo ndizo siri. Ukiweka nyembamba mno bomba linabana na kukataa kucheza. Ukiweka nene mno linalegea na kugonga. Juu ya bega huvalishwa mpira uliokunjwakunjwa kama kodiani. Mpira huo ukipasuka, oili hutoka na matope huingia, na giaboksi huanza kulia.

Ncha ya pili, ya upande wa gurudumu, huvaa flanji nzito ya kubebea beringi. Flanji hushindiliwa kwenye bomba na kufungwa kwa pini inayopita ndani ya chuma cha vyote viwili. Ili kuifikia unafungua nati ya milimita 36, ambayo kwa kawaida inataka bomba la maji liongezwe kwenye mpini wa spana na mtu mzito asimame juu yake. Unatoa dramu ya breki, unatoa beringi, unatenganisha flanji na bamba la springi. Lakini kabla ya hapo, na hili shangazi aliniambia babu alimfundisha kila kijana aliyepita gereji ile, unapiga alama kwa tindo pale flanji inapokutana na bamba, kwa sababu matundu yake ni marefu na usiporudisha palepale gurudumu litatazama pembeni.

Sasa Safari. Mashindano yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka ule wa kwanza hapakuwa na mshindi mmoja rasmi, kwani magari yaligawanywa kwa bei zake, lakini lililofanya vizuri kuliko yote lilikuwa Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen. Volkswagen ikashinda tena 1954, 1957 na 1962. Na ukitazama nyuma ya gari badala ya kutazama nembo ya mbele, unaona jambo ambalo sikulikuta likisemwa sana. Mercedes-Benz zilizoshinda 1959, 1960 na 1961 nazo zilikuwa na ekseli za kuning'inia. Kwa hiyo tangu 1957 hadi 1962, ukiuacha mwaka 1958 ambao haukuwa na mshindi wa jumla, kila gari lililoshinda lilikuwa na mabomba yanayocheza. Halafu mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff wakashinda kwa Peugeot 404, gari lenye ekseli nzima, na tangu hapo hadi 1969 ekseli nzima haikushindwa: Ford Cortina, Volvo ya Joginder Singh, Peugeot za Bert Shankland na Chris Rothwell wa Dar es Salaam mara mbili mfululizo, Peugeot ya Nowicki tena, kisha Ford Taunus. Datsun ndiyo iliyokuja kubadilisha hesabu mwaka 1970, na hiyo ni hadithi nyingine.

Sitaki kudai kwamba ekseli ndiyo iliyoshinda. Joginder alishinda 1965 kwa gari ambalo lilikuwa limekwisha kutumika Safari ya mwaka uliotangulia; alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, amefanya kazi katika gereji ya baba yake, na nadhani hilo lilimsaidia kuliko chuma chochote. Lakini kwenye njia ya Pasaka, masika yakiwa yameshika, ekseli ya kuning'inia ina tabia moja mbaya. Gari likiruka, gurudumu hujikunja chini ya bodi. Likitua likiwa hivyo kwenye korongo, pigo lote linakwenda kwenye ile flanji na ile pini yake.

Shangazi alisema tukio lilikuwa mwaka wa mvua kubwa, kabla baba yangu hajazaliwa. Baba alizaliwa 1965. Mwaka 1963 Safari ilikimbiwa katika mvua mbaya kiasi kwamba magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Nilipokutanisha tarehe hizi chumbani kwangu chuoni nilipiga meza. Nikamwandikia msimamizi barua pepe ndefu saa sita usiku, yenye alama za mshangao ambazo sasa zinanitia aibu.

Lakini fikiri. Gari la mashindano lina saa ya kufika kila kituo. Likichelewa kupita kiasi, limetoka. Kutoka Muheza hadi Kwamkoro ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda, kwenye matope, juu ya lori. Hakuna dereva mwenye matumaini ambaye angeleta gari huku. Kama babu alilishika gari la Safari, basi alishika gari lililokwisha kushindwa, moja kati ya yale 77, ambalo mwenyewe alitaka tu limfikishe nyumbani. Nililipenda wazo hili kuliko hadithi ya awali. Vitabu vya mashindano vinawajua kwa majina watu wa magari 7. Yale 77 yaliachwa kando ya barabara za nchi tatu, na kuna mtu aliyelala chini ya kila moja.

Kwa hiyo nilipiga magoti uani nikaisugua ile ncha ya kijivu kwa brashi ya waya, nikitafuta lile neno jekundu la msimamizi.

Nilichokiona kwanza ni mabaki ya weldingi. Mtu alichomelea flanji moja kwa moja kwenye bomba, kuzunguka, kwa haraka. Mshono una vipele na mashimo. Hili si jambo la kumfanyia mwenye gari anayetaka litumike miaka, kwa sababu flanji iliyochomelewa haitoki tena. Ni kazi ya mtu mwenye saa mkononi. Kisha mtu mwingine, mwenye subira, aliukata mshono huo kwa tindo na kuumalizia kwa tupa, mpaka flanji ikatoka. Michirizi ya tupa ipo, sambamba, mizuri. Tundu la pini la zamani lilikuwa limepanuka likawa yai. Yule mwenye subira akaliziba, akatoboa tundu jipya pembeni yake.

Bomba moja, mikono miwili: mmoja wa barabarani, mmoja wa gereji. Moyo ulinidunda. Nikawa tayari naandika sura ya tatu kichwani.

Halafu nikaugeuza upande wa chini nikaona ufa. Unaanzia kwenye tundu jipya, unakwenda kuelekea katikati ya bomba, mrefu kama kidole changu cha kati.

Nilikaa kwenye majani. Kama unajua chuma kidogo huhitaji kuelezwa. Tundu jipya limetobolewa karibu mno na la zamani, katika chuma ambacho weldingi ilikuwa imeshakipika na kukifanya kigumu na chenye kuvunjika. Pini ilipopigwa, au gari lilipojaribiwa, bomba likapasuka. Ndiyo maana lipo kwetu. Bomba lililopona lingeondoka na gari. Hili lilibaki kwa sababu babu alilipasua, na bila shaka akalazimika kutoa lingine kutoka gari bovu la gereji. Halafu akalichimbia shimo uani kwake, ufa chini, akamwaga zege.

Miaka yote ile tulikuwa tukiwaonyesha wageni kosa lake.

Nilimpelekea shangazi picha kwenye simu. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa babu, anaishi Muheza sasa, na macho yake hayampi shida. Aliitazama picha muda mrefu, akaipanua kwa vidole viwili.

"Huo ufa naujua," akasema. "Mama alikuwa anautaja wakigombana."

"Kwa hiyo gari la Safari…"

"Safari gani?"

Nikamweleza. Volkswagen, 1963, magari 84. Aliniacha nimalize, kama mtu anavyomwacha mtoto amalize kuhesabu.

"Mwanangu, baba alisema gari la safari. Gari la mtu aliyekuwa safarini. Mambo ya mashindano mliyaanzisha ninyi, baada ya baba yako kuleta redio."

Niliuliza ni mtu gani aliyekuwa safarini. Hakujua. Labda daktari wa malaria, labda padri, labda kweli mzungu wa mashindano. Yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kwamba ilikuwa mvua kubwa, hilo analo kutoka kwa mama yake.

Chuoni tunafundishwa kuhoji chanzo: nani anasema, anamwambia nani, lini, kwa faida gani. Sikufundishwa la kufanya pale utafiti wote unapoegemea herufi kubwa, katika simulizi ambayo haikuwahi kuandikwa. Babu alipotamka neno lile halikuwa na herufi kubwa wala ndogo. Waingereza walichukua neno letu la mwendo wa kawaida, wa mtu na mzigo wake, wakalipa mashindano yao jina, na lilipoturudia kwenye redio lilikuwa na vumbi na kelele nyingine. Sisi wajukuu tukasikia lile la redio. Pengine sisi ndio tuliosikia vibaya. Pengine shangazi ndiye aliyesikia vibaya, kwa kuwa ule mshono wa haraka bado unataka maelezo: padri gani anachomelea flanji barabarani?

Tangu 1974 Safari imekimbiwa Kenya peke yake. Hata kama ingeendelea kupita kwetu isingenisaidia. Sioni karatasi itakayokuja kuniambia nani aliliacha bomba lile.

Nimebadilisha mada. Naandika juu ya gereji za mashamba ya chai Usambara Mashariki, kazi, mishahara, na ufundi uliojifunzwa bila shule. Bomba lina kurasa nne katika sura ya pili, pamoja na ufa wake, na nimeandika "gari la safari" kwa herufi ndogo. Msimamizi hakuweka alama nyekundu pale. Shangazi ndiye aliyenipigia simu baada ya kusomewa na binti yake, akauliza kama ilikuwa lazima niuweke ule ufa. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, akasema kwamba mama yake angefurahi, kisha akakata simu bila kuaga, na mpaka leo hatujalizungumzia.

Mwenye mizani alirudi siku ya tatu nikiwa bado nipo. Akalining'iniza bomba kwenye ndoano, akasoma, akataja bei. Baba mdogo akanitazama. Nikatoa kiasi hicho mfukoni, nikaongeza elfu mbili, nikampa baba mdogo. Kijana akacheka, akafunga mabati yake nyuma ya pikipiki, akashuka kuelekea Sigi.

"Haya, utaondoka nalo?" baba mdogo akauliza.

Nikasema nitaondoka nalo, nimeshazungumza na konda.

"Na mbuzi nimfunge wapi?"

Alikuwa ameshika kamba mkononi tangu asubuhi. Tukazunguka ua wote, tukamfunga kwenye mpera.